Mfungo wa Siku Tatu kwa Ajili ya Matti

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni mwa saluni, kitana mkononi, nikimwambia Octave kinyozi kwamba kama anaitaka saluni ile iwe yake, anishinde kwanza. Baadhi yenu mliniandikia kuwa nina kiburi. Nimesoma ujumbe wenu wote, asanteni, na kiburi bado ninacho.

Kwa aliyejiunga leo, mimi ni Angélique, mzaliwa wa Uvira, msusi wa mtaa huu wa Yeoville, mwaka wa tisa sasa. Mume wangu alikwenda Cape Town kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Kilichonibakia ni mikono hii miwili na kiti kimoja katika saluni ya Maman Ariane, Mrundi mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Kaka yake, Régis, alimtafutia njia ya kuhamia Kanada anakoishi yeye. Anaondoka mwezi wa tano. Hana mtoto, kwa hiyo saluni anamwachia mmoja kati ya wawili: mimi ninayeleta wateja wengi, au Octave aliyetangulia kufika.

Tuligombana miezi miwili. Mchungaji alijaribu kutupatanisha akaishia kuumwa kichwa. Ndipo Maman Ariane alipotuambia, "Mtaamuliwa na mchezo ambao hakuna anayeujua kati yenu."

Mchezo huo alikuwa nao Hénock, kijana wetu wa Lubumbashi anayeendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa kuteleza, ndani ya duka kubwa kule kaskazini mwa mji. Hoki ya barafu. Si kuicheza, Mungu apishe mbali. Fantasi yake. Unachagua wachezaji wa kweli wa ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, wanacheza huko kwao wewe umelala, ukiamka unakuta pointi zako kwenye simu.

Fantasi ya mpira wa miguu ilishakatazwa kanisani kwetu. Mwaka juzi iliwagombanisha mashemasi wawili mpaka wakarushiana viti vya plastiki. Hoki ilionekana salama, kwa sababu hapa Yeoville hakuna mtu mwenye timu ya hoki moyoni. Tulijidanganya.

Octave alichagua wachezaji kama watu wanavyonunua viatu kule Small Street, jina kubwa kwanza, mguu utajizoesha. Aliwabeba manyota wote. Mimi nilisoma masharti.

Goli ni pointi tatu. Pasi inayozaa goli ni mbili. Hayo kila mtu aliyaona. Lakini chini, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba kila shuti linalolenga lango lina nusu pointi, na kila shuti la adui unalolizuia kwa mwili wako nalo lina nusu. Nusu nusu hizo ndizo zilizonilisha tangu mwezi wa kumi.

Niwaambie kwa nini niliziona. Kichwa cha rasta ndogo hapa kwetu husukwa na watu wawili. Mmoja anagawa njia na kukamata mizizi, mwingine anamalizia na kuchovya ncha kwenye maji moto. Mteja akiinuka anamshukuru aliyemalizia, kwa sababu ndiye aliyemwona mwisho. Miaka minne mimi nilikuwa wa mizizi. Sikuhitaji kufundishwa kumtafuta mtu anayefanya kazi bila kutajwa.

Hivyo nikampata Matti Korvenoja.

Mfini, miaka ishirini na minne, nywele kama katani. Hakuwa na goli tangu Desemba na katika ligi yetu hakuna aliyemtaka. Lakini kila mechi alikuwa akipiga shuti tano, sita. Moja linagonga mwamba, moja linagonga kofia ya kipa, moja linapita karibu na wavu mpaka unashika roho. Na adui akitolewa nje kwa adhabu, kocha alikuwa akimwingiza Matti acheze pamoja na wakubwa. Mtu wa namna hiyo si mbovu, ana mkosi tu. Na mkosi naujua mimi, ningeweza kuufundisha chuo kikuu.

Wiki ya mwisho ilianza Jumatatu. Wengine wa ligi yetu walishatolewa, tukabaki wawili, mimi na Octave, na atakayekuwa mbele mechi ya mwisho ya Jumapili ikiisha ndiye mwenye saluni. Octave alianza na manyota wake wote wazima. Alikuwa akichonga ndevu za mteja huku akiimba.

"Ya Angélique," akaniita, yaani dada, "ule Matti wako uko na goli ngapi sasa?"

"Yanakuja."

"Yanakuja na miguu?"

Mteja alicheka mpaka ikabidi Octave ainue wembe. Mimi nikaendelea kusuka. Nilimwambia acheke taratibu, wiki ina siku saba.

Jumanne asubuhi Hénock akanipigia simu.

"Ya Angé, eish. Iko mbaya. Kocha amemukalisha Matti. Hachezi."

"Ameumia?"

"Hapana. Bamesema tu hafungi magoli. Umutoe, chukua mwingine, muda ungali."

"Simtoi."

"Ya Angé, mutu hachezi, hana pointi. Utapata wapi pointi?"

"Nimesema simtoi, Hénock. Mimi pia nimeshakalishwa."

Alivuta pumzi, akasema sharp, yaani sawa, akakata. Jumatano asubuhi nilikuwa nyuma kwa pointi kumi na saba, na Octave alikuwa ameshaanza kupima ukuta wa saluni kwa hatua zake. Alitaka kuvunja sinki langu la kuoshea nywele aweke meza ya kuuzia simu.

Sasa ninafika pale ninapopaswa kukiri.

Kanisa letu liko Jeppestown, katika jengo ambalo zamani walitengenezea magodoro. Kila Jumatano mchana akina mama wa maombezi wanapitisha kikapu cha vikaratasi. Unaandika jina la mwenye shida na shida yenyewe, wao wanayabeba majina hayo wiki nzima. Jina likiwa zito, wanalifungia, yaani hawali wala hawanywi tangu asubuhi mpaka jua lizame.

Kikapu kilinifikia. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikaandika hivi:

*Ndugu Matti, miaka 24, yuko ugenini. Anafanya kazi kwa bidii kuliko wenzake lakini wakubwa wamemdharau na kumkalisha bila kosa. Mungu amrudishe kwenye nafasi yake kabla ya Jumapili.*

Lisomeni tena ombi hilo. Tafuteni neno la uongo humo ndani. Hakuna.

Lakini nilijua ninachofanya. Nilijua kabisa, na nilikunja karatasi nikaiweka.

Kiongozi wa maombezi ni Maman Spès, Mrundi mwembamba anayeuza vitenge Rockey Street, mwenye goti linalolia akipiga magoti. Akaichukua karatasi yangu miongoni mwa nyingine ishirini, akaisoma kwa sauti. Akaisoma mara ya pili. Nikaona macho yake yamelowa.

"Huyu ni mtoto wa sisi wote," akasema. "Nani hapa hajakalishwa? Huyu tutamfungia siku tatu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi."

Akina mama kumi na mmoja wakainua mikono.

Pale ndipo ningesimama niseme, mama zangu, samahani, ni mambo ya mchezo. Sikusimama. Niliinamisha kichwa kama ninayeomba, na moyoni nilikuwa nikihesabu mechi tatu zilizobaki.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Maman Spès akaja saluni. Midomo yake ilikuwa mikavu. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kufungua kilemba.

"Mwana wanje, mwanangu, huyu Matti ni wa kwenu Uvira?"

"Ni wa kaskazini, maman."

"Kaskazini ya wapi, Goma?"

"Mbele ya Goma."

"Anafanya kazi gani?"

"Kazi ya barafu."

"Kama Hénock?"

"Inakaribiana."

Akasonya. "Na wamemkalisha bure tu, hivi hivi?"

"Tangu Jumanne."

"Washenzi. Mwanangu walimfanyia hivyo kwenye ulinzi, wakampa mtu mwingine zamu zake, hata barua hawakuandika. Karatasi za kuishi huko anazo?"

"Anazo zote."

"Mungu asifiwe." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Lakini si mdogo kwako kidogo?"

"Maman! Si mambo hayo."

"Oya, hapana, mimi sijauliza kitu."

Hajauliza, lakini kabla ya jioni Yeoville nzima ilijua kwamba Angélique ana mchumba wa mbele ya Goma, kijana, ana karatasi zote, na anauza barafu. Fundi cherehani wa jirani alinipima kwa macho akaniuliza kama nitashona gauni kwake.

Ijumaa asubuhi nikafungua simu kabla ya kunawa uso. Mshambuliaji mmoja wa timu yao alikuwa ameamka na homa. Kocha hakuwa na mtu mwingine. Matti aliingia.

Shuti saba. Pasi moja ya goli.

Jumamosi asubuhi nikaifungua tena. Goli! Goli lake la kwanza tangu Desemba, na mashuti manne ya adui ameyazuia kwa mbavu zake mwenyewe. Nilipiga ukelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Wale wengine wangu, mabeki wasiojulikana hata na mama zao, nao walikuwa wameniokotea nusu nusu zao. Octave sabini na moja, Angélique sitini na saba. Nne tu.

Maman Spès akapita saluni kuuliza habari. Sikuweza kuficha meno.

"Wamemrudisha kazini, maman! Tangu jana."

Akapiga vigelegele. Mwanamke ambaye hajala siku ya tatu, akapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakachungulia. Akatoa simu akaanza kuwapigia wenzake mmoja mmoja. "Matti amerudishwa! Ndiyo, Ndugu Matti wa Angélique!"

Octave alikuwa akipangusa mashine yake ya kunyolea. Akaacha kupangusa.

Octave si mwepesi, lakini si mjinga. Alingoja Maman Spès atoke. Akafunga mlango, akageuza kibao cha kufungwa kikaangalia nje.

"Umefungisha bamama ya watu njaa," akasema polepole, "juu ya fantasi?"

Nikaanza kukunja taulo.

"Angélique. Maombezi. Juu ya hoki."

"Niliandika ukweli mtupu."

"Basi kesho kanisani utausoma tena ule ukweli. Ama nitausoma mimi." Akaketi kwenye kiti changu, kiti changu mimi, akazunguka nacho. "Ama unajitoa leo. Unamwambia Maman Ariane umechoka, saluni inabaki kwangu, na mimi sijui kitu. Utasukia hapa hapa, nitakupatia kona."

Nitasema uongo nikisema sikuogopa. Wale akina mama kumi na mmoja ndio nusu ya vichwa ninavyosuka, na wana mabinti na mashemeji na majirani. Wakinikataa, hata nikishinda saluni nitakaa humo peke yangu na vioo. Octave alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa akizunguka na kiti.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichonipanda kutoka tumboni. Mimi kupewa kona! Na Octave!

"Sema," nikamwambia.

"Nini?"

"Kesho, sema. Ila ukifika utanikuta mimi nimeshasema. Na ushuke kwenye kiti changu."

Jumapili nilivaa kitenge changu cha bluu, kile kizuri. Kama ni kuaibika nitaaibika nimependeza. Maman Ariane alikaa safu ya mbele. Octave alikaa nyuma karibu na mlango, suti yake ya kijivu, tayari kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Wakati wa shuhuda ulipofika, Maman Spès akachukua kipaza sauti kabla ya mtu yeyote.

"Mungu wetu halali!" akasema, na kanisa likaitikia. "Kuna kijana alikalishwa, na leo yuko kazini. Angélique, njoo utushuhudie."

Nikasikia kiti kinasogea nyuma. Octave alikuwa amesimama. Nikatembea haraka, nikakichukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu Matti yupo," nikasema. "Yuko Amerika, na ni kweli walimkalisha, na ni kweli wamemrudisha. Lakini si ndugu yangu, wala si mchumba wangu. Ni mchezaji wa hoki ya barafu. Nimemweka kwenye timu yangu ya fantasi, ile inayoamua nani atabaki na saluni ya Maman Ariane. Niliwaombesha bila kuwaambia. Nilijua, na nikanyamaza."

Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza, "What's she saying?" na mama yake akamziba mdomo. Mchungaji akatoa kitambaa akajipangusa shingo.

Maman Spès alikuwa bado amesimama kando yangu.

"Mimi nina sukari," akasema. Hakusema kwenye kipaza sauti, lakini watu wote walisikia. "Daktari alinikataza kufunga. Nilimeza vidonge vyangu na maji kidogo, nikakaa na njaa. Siku tatu. Kwa ajili ya mtu wa mpira."

Hapo niliona aibu. Ninawaambia wazi, kwa sababu mmenizoea nikijitetea. Sikujua kuhusu sukari yake, lakini sikuuliza pia. Nikamgeukia mbele ya watu mia mbili.

"Nisamehe, maman," nikasema. "Nisameheni wote mliofunga. Nilikosa, na nitaomba msamaha nyumba kwa nyumba." Kisha nikamwona Octave kule nyuma, bado amesimama, mdomo wazi, hotuba yake imemwozea tumboni. Damu ikanirudi. "Lakini Octave simwombi msamaha, yeye alitaka kuninunua kwa siri hii jana. Na Matti simwachi. Alidharauliwa kweli. Mlipomlilia hamkulia bure, mlimlilia mtu aliyeonewa. Kama Mungu anajua idadi ya nywele, basi na mashuti ya yule kijana anayajua!"

Kuna mtu alicheka. Mchungaji akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti. Maman Spès akamzuia.

"Anacheza tena lini?" akaniuliza.

"Leo. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndiyo ya mwisho."

"Nitakuja kumwona." Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Nimekaa njaa kwa ajili yake. Lazima nione sura yake."

Walikuja wote kumi na mmoja. Walikuja na sahani za wali na sombe, yaani kisamvu, wakajaa saluni mpaka wengine wakakaa chini ya vikaushio vya nywele. Hénock aliunganisha simu yake na ile televisheni tunayotazamia nyimbo za injili. Maman Ariane alikaa katikati kama hakimu. Octave alikaa pembeni, mikono kifuani. Na kicheko alikuwa nacho, kwa sababu yule kipa aliyekuwa akimlindia lango adui wa Matti alikuwa kipa wake yeye. Kipa huyo akishinda, Octave anaongezewa pointi nne. Kila goli atakalofungwa, anakatwa moja. Wachezaji wetu wengine wote walishamaliza mechi zao.

"Ni yupi?" akauliza Maman Spès.

"Ule mwenye namba arobaini na tatu," akasema Hénock.

"Mbona mwembamba hivyo? Hawamlishi?"

Hakuna aliyeelewa sheria, na hakuna aliyezihitaji. Walielewa kwamba kile kisahani cheusi lazima kiingie mle wavuni, na kwamba yule kipa ni mtu mbaya. Kila Matti alipopiga, waliinuka. Kila kipa alipodaka, walikaa kwa uchungu. Hadi dakika mbili za mwisho Matti alikuwa amepiga mara sita, nikafika sabini. Lakini timu ya kipa ilikuwa mbele kwa goli moja bila, na zile nne za Octave zilikuwa mlangoni zinabisha hodi.

Ghafla kipa wa upande wa Matti akatoka langoni, akakimbilia benchi.

"Anaenda wapi?" akapiga kelele Maman Ariane. "Wameacha lango wazi!"

"Njo vile banafanyaka," akasema Hénock. "Banamutoa kipa, banaingiza mushambuliaji mwingine. Ni kufa ao kupona."

Sekunde thelathini na tano kabla ya mwisho, kisahani kikatoka kona, kikamkuta Matti, na Matti hakufikiri. Akapiga. Kikaingia.

Sahani ya sombe ikaruka. Maman Spès akanikumbatia, kisha akakumbuka kwamba amekasirika nami, akaniachia. Sare, goli moja kwa moja. Mimi sabini na tatu na nusu, Octave sabini.

"Haijaisha," akasema Octave. Alikuwa amesimama. "Bataongeza dakika. Kipa wangu akishinda nina sabini na nne. Nakupita na nusu!"

Alikuwa sahihi. Ninyi mnaojua hesabu mnaona alikuwa sahihi.

Dakika za nyongeza zinachezwa na watu watatu watatu, na uwanja unakuwa mpana kama barabara ya Jumapili asubuhi. Adui mmoja akachomoka peke yake, akavuta mkono apige. Matti akajilaza mbele yake, mzima mzima, kisahani kikampata ubavuni. Kuzuia. Nusu pointi. Akainuka anachechemea, kisahani kiko mguuni kwake, akatazama mbele, akamsukumia mwenzake aliyekuwa peke yake upande wa pili.

Mwenzake akafunga, na mechi ikaishia hapo hapo.

Kule uwanjani wote walimrukia yule mwenzake. Matti aliachwa nyuma ameshika ubavu. Lakini Yeoville, katika saluni moja ya Rockey Street, akina mama kumi na mmoja walikuwa wakimwita yeye kwa jina.

Sabini na sita kwa sitini na tisa.

Octave alizima simu yake. Kisha akaja akanipa mkono, mkono wenye harufu ya spiriti ya kunyolea. "Umenipiga," akasema. "Umenipiga mbele ya bantu." Nilikuwa nimemtunzia maneno makali tangu Desemba, lakini nikaushika mkono wake tu.

Maman Ariane akafungua mkoba, akatoa ufunguo wenye kamba nyekundu. Akaushika mkono wangu akaufungua kidole kwa kidole.

"Wote mmeona," akasema. "Hakuna atakayekuja kesho kusema maneno mengine. Saluni ni ya Angélique. Mimi mwezi wa tano nakwenda kwa Régis, kupumzika."

Akauweka ufunguo kiganjani mwangu. Ulikuwa na joto la mkoba wake. Vigelegele vikaanza, na simu yake ikalia katikati ya vigelegele.

"Ni Régis mwenyewe!" akacheka. "Subirini, namweka kwa sauti, mumsalimie wote."

Hatukuwahi kumsalimia.

"Ariane," sauti ikasema, na ilikuwa sauti ya mwanamume aliyelia. "Ariane, nisamehe. Watu wa hapa waliokudhamini wamejitoa. Watatu kati ya watano. Faili imerudishwa. Hakuna safari."

"Mwezi wa tano hakuna?"

"Hakuna kabisa, dada. Hakuna."

Maman Ariane akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa kiti changu. Kitanda chake alishauza, na mwenye nyumba wake alishapewa taarifa ya kuhama. Hénock akazima televisheni. Akina mama wakaanza kutazama sakafu.

Kisha akaninyooshea mkono, kiganja juu.

"Angélique, mwana wanje. Umesikia. Nirudishie."

"Mrudishie," Maman Spès akanong'ona nyuma yangu.

"Hapana," akasema Octave, na watu wote wakageuka. "Hapana. Ameshinda. Kama ningeshinda mimi nisingerudisha."

Nilimtazama Maman Ariane. Ndiye aliyenipokea siku niliyofika mji huu sina hata kitana, akanipa kiti bila kuniuliza ninatoka wapi. Nilijua ninachopaswa kufanya, na ufunguo ulikuwa ukiniuma kiganjani kwa jinsi nilivyoukaza.

Niliuweka mkono nyuma ya mgongo.

"Kiti utakuwa nacho, maman, mpaka mwisho," nikasema. "Lakini saluni ni yangu."

Mkono wa Maman Ariane, kiganja juu, haukushuka.